DANIELI NA SIKU ZA KUNGOJA
Somo: Danieli 1:5-20, 6:10

Danieli alipelekwa Babeli angali kijana. Nchi hakuichagua, hata jina jipya hakulichagua. Lakini chakula chake alikichagua: aliomba ajaribiwe kwa mboga na maji, siku 10 tu. Hakuahidi mwaka! Kisha akakaa katika mafunzo miaka 3. Na ile desturi ya kuomba mara 3 kwa siku haikuanza siku ya amri ya simba. Alikuwa nayo tangu zamani, ndiyo maana hakuyumba.

Hapa kambini wengine hukaa penye ubao wa matangazo toka asubuhi hadi jua kuzama, na watoto wanatutazama. Baba, mama, jaribuni siku 10. Amkeni kabla foleni ya bombani haijaanza, mwombe pamoja. Mtoto asome nusu saa kabla ya giza. Unga upimwe kwa kikombe kilekile hadi mgao ujao (aliyeuza posho juma la kwanza anajua juma la mwisho linavyokuwa). Jumapili ya pili tangu leo, kila nyumba ije iseme siku ngapi zimetimia, na ni jambo gani lililowashinda.