Lesoni ya 9: Fedha Inayoishia Kilabuni

Soma kwa ajili ya juma hili: Isaya 55:1, 2, Hagai 1:5–9, Kumbukumbu la Torati 14:22–29, Mithali 23:19–35, 1 Wakorintho 6:19, 20, 1 Timotheo 5:8.

Fungu la kukariri: Isaya 55:2.

SABATO MCHANA

Alizeti ikishavunwa, Itigi huwa na fedha. Magunia hupakiwa kwenye malori, asali hushuka kutoka vichakani kwa madumu, na walimao tumbaku hungoja malipo yao. Miezi michache baadaye baadhi ya nyumba hizo hizo hukopa unga. Sehemu ya fedha ilikwenda kwenye ada na mabati. Sehemu nyingine ilikwenda kwenye sigara, ugoro, wanzuki, na chupa ndogo za pombe kali zilizochukua nafasi ya viroba baada ya serikali kuvipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017.

Hagai aliona watu wanaopanda na kuvuna, na ujira wao ukapitiliza kana kwamba mfuko umetoboka. Darasa lisiharakishe kusema kwamba tundu la mfuko wa Itigi ni pombe pekee. Ukame upo, na bei ya alizeti haipangwi na mkulima. Lakini ukame hauzuiliki kwa uamuzi wa mtu mmoja. Kununua sigara kunazuilika.

JUMAPILI: Hesabu ya Nyumbani

Soma Isaya 55:1, 2. Mungu anauliza kwa nini watu watoe fedha kwa kisicholisha. Ni swali, nalo linadai hesabu.

Chukua mtu anayetumia shilingi 2,000 kwa siku kwa sigara na kinywaji. Kwa mwaka ni shilingi 730,000. Bima ya CHF iliyoboreshwa ilipoanza, mchango wake ulikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Kwa hiyo fedha ya mtu huyo mmoja ingelipia kaya 24, na baki ikarudi mfukoni. Huyo huyo mtoto wake akishikwa na malaria, hupita kwa ndugu akiomba nauli ya kumfikisha hospitali. Soma 1 Timotheo 5:8 ukiwa na hesabu hii mkononi. Paulo anamsema aaminiye asiyewatunza walio wake, na neno analolitumia juu yake ni zito kuliko yale ambayo makanisa huwaambia wavutaji.

JUMATATU: "Zaka Nimetoa, Iliyobaki ni Yangu"

Usemi huu husikika hata kwa washiriki wazuri. Kosa lake ni kudhani kwamba Mungu anamiliki sehemu ya kumi tu. Katika 1 Wakorintho 6:19, 20 Paulo anavuka mfuko na kuufikia mwili wenyewe: mwenye kununuliwa kwa thamani si mali yake mwenyewe. Basi anayenunua sumu kwa fedha aliyokabidhiwa, akaiingiza katika mwili aliokabidhiwa, amegusa amana mbili kwa mara moja.

Joseph Bates, nahodha aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa Kanisa la Waadventista, aliacha pombe kali katika miaka ya 1820, kisha divai, kisha tumbaku. Hakuwa mlevi. Alisimulia kwamba alistuka alipogundua anangojea glasi yake moja ya kila siku kwa hamu kuliko chakula. Mwaka 1828 aliacha bahari akiwa na zaidi ya dola 10,000, na baadaye akaitoa mali yake yote kwa kazi ya ujumbe. Aliyaacha mazoea hayo miaka mingi kabla ya maono ya Ellen White kuhusu afya ya Juni 1863. Linalostahili kutazamwa ni lile lililomstua: hamu, wala si kiasi.

JUMANNE: Fungu Gumu

Jirani akitaka kumnyamazisha Mwadventista, humsomea Kumbukumbu la Torati 14:26, ambapo msafiri wa sikukuu anaruhusiwa kununua hata divai na kileo. Fungu hili lisikwepwe. Wapo waelezao kwamba si kila kinywaji kilichoitwa hivyo kililevya. Mjadala huo una nafasi yake, lakini hauwezi kubeba mzigo wote, kwa maana neno hilo hilo la kileo limo katika Mithali 20:1, likishutumiwa.

Afadhali kuuliza: fedha hiyo ililiwa wapi, na nani? Ililiwa mbele za Bwana, pamoja na watu wa nyumbani, na Mlawi hakusahauliwa. Mwaka wa tatu ilimfikia mgeni, yatima na mjane. Linganisha na Mithali 23:29–35, ambapo mlevi yuko peke yake, amepigwa, na akizinduka anautafuta mvinyo tena. Matumizi ya Kumbukumbu 14 yanaongeza watu mezani. Ya kilabuni yanawapunguza, maana mke na watoto hawamo.

JUMATANO: Ndani ya Kanisa

Mithali 23:20, 21 inaweka mlevi na mlafi katika sentensi moja. Mzee wa kanisa asiyegusa bia, lakini anakunywa soda tatu kila siku na vinywaji vya kuongeza nguvu akiwa safarini, yumo katika somo hili.

Naye aliyefungwa na kileo asiambiwe tu kwamba aache. Mnywaji wa miaka mingi akikata ghafla anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege. Apelekwe hospitali kwanza. Shemasi anayemsindikiza Hospitali ya Mtakatifu Gaspar amefanya kazi ya injili, ingawa hospitali hiyo ni ya Wakatoliki.

KWA MAJADILIANO

Dada mmoja anayejifunza kwa ubatizo anapika wanzuki, na ndiyo inayolipa ada ya watoto wake watatu. Darasa linamtaka aache. Je, darasa liko tayari kuchangia ada ya muhula ujao? Kiasi gani, na kitatoka wapi?

Mshiriki analima tumbaku, haivuti, na analeta zaka ya mauzo. Mhazini aipokee? Jibuni, kisha someni tena 1 Wakorintho 6:19, 20, mwone kama jibu limebadilika.