Ijara ya Jengo la Kale Lililobaki Tupu

Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, biashara iliufuata mji. Na Bungoma nayo ilikua kando ya reli iendayo Uganda. Katika miji hii miwili Waislamu walikuwamo miongoni mwa wenye biashara. Sasa na tuseme jamaa wana jengo la kale katikati ya mji, limekuwa tupu, mabati yametoboka, wala hawana mali ya kulitengeneza. Akaja tajiri akasema: "Nikodisheni miaka mingi, nami nitalijenga." Je, wakubali?

Twasema: kuliacha lianguke si uchamungu. Nyumba ya Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Jengo la kale halimngoji mtu. Lakini kukubali bila ya kufikiri nako ni hasara, na mambo manne hayana budi kutazamwa.

La kwanza ni milki. Likiwa jengo ni wakfu, haliuzwi, halitolewi zawadi wala halirithiwi, kama Mtume (S.A.W.) alivyomwelekeza Sayyidna Umar katika ardhi yake ya Khaibar. Kulikodisha kwafaa, kwa kuwa kinachouzwa ni manufaa, si jengo lenyewe. Ila nadhiri hana ruhusa ya kukiuka sharti la aliyeweka wakfu. Yeye ni mwenye amana, si mwenye mali.

La pili ni muda. Mafakihi wa Kihanafi walikhofia muda mrefu katika wakfu: nyumba na duka mwaka mmoja, shamba miaka mitatu, isipokuwa kadhi aone haja. Mashafii waliruhusu zaidi, madhali muda wajulikana na kitu chenyewe chaweza kubaki. Tena viwanja vingi vya miji yetu navyo vimekodiwa kwa Serikali. Mwenye hati ya miaka 99 iliyoanza mwaka 1935, haki yake yakoma mwaka 2034; atampaje mwenziwe miaka 30 leo? Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 humtanguliza raia aliyekuwa na ardhi ile anapotaka kukodi upya, lakini kwa masharti. Basi hati isomwe kabla ya kalamu kushikwa.

La tatu ni kodi. Iwe kodi ya mfano, yaani ile ilipwayo kwa jengo kama lile katika mtaa ule, na ipitiwe kila baada ya miaka kadhaa. Katika dola ya Uthmaniya, majengo ya wakfu yalipoungua, wapangaji walitoa fedha nyingi mara moja za kujengea, kisha wakalipa kodi ndogo kila mwaka. Majengo yalisimama, lakini kodi ile ikawa si kitu, na mali ya wakfu ikaingia mikononi mwa wapangaji kidogo kidogo.

La nne ni kazi yenyewe. Mkataba useme ni nani atakayejenga, kwa muda gani, kipi cha kale kisivunjwe, na kwamba muda ukiisha jengo larudi kwa wenyewe pamoja na kilichoongezwa. Useme pia ni biashara gani isiyoingia humo, pombe na riba kwanza. Uandikwe, ushuhudiwe na usajiliwe, kwani Qur'ani imetuamrisha kuandika hata deni.

Hili lawezekana. Zahanati ya kale ya Tharia Topan, pale Barabara ya Mizingani Unguja, ilikuwa imechakaa; katika miaka ya 1990 Aga Khan Trust for Culture, kwa mapatano na Serikali, ikaitengeneza, na roshani zake za mbao zingali zatazamwa.

Enyi wazee wa jamaa! Hayo mapatano mtakayotia sahihi, watakaoyalipa ni wajukuu zenu. Msiyatie gizani, watu wawili watatu. Yasomeni mbele ya jamaa wote. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.