Kila Mashine na Pipa Lake: Mafunzo Niliyopata Kwenye Plastiki Chakavu

Nilianza kununua plastiki chakavu za viwandani mwaka 2015, nikiwa na mizani ya kuazima na kibanda cha mabati Vingunguti, Dar es Salaam. Chupa za kuokota mtaani sikuzigusa, zile zina watu wake. Mimi nilifuata zinazotoka nyuma ya viwanda: ndoo zilizotoka na tundu, mikia inayobaki kalibu ikifunguliwa, vipande vya bomba, na yale mabonge mazito yanayotoka mdomoni mwa mashine asubuhi inapowashwa. Nilidhani kazi ni kununua kwa kilo, kusaga, na kuuza kwa kilo. Haya ndiyo niliyojifunza, na baadhi yake niliyalipia.

1. Thamani hupotea kabla mzigo haujafika getini

Ndoo mbovu inapodondoka kutoka kwenye mashine, dakika ile ni safi kama malighafi iliyoitengeneza. Aina yake inajulikana, rangi inajulikana, hata gunia ilimotoka linajulikana. Unaweza kuisaga na kuirudisha palepale, na viwanda vilivyojipanga hufanya hivyo vyenyewe. Tatizo linaanza na fagio. Jioni kila kitu kinasukumwa kwenye rundo moja pamoja na mchanga, mafuta ya mashine na vifungashio, na kuanzia hapo jina lake ni taka.

Mwaka wangu wa pili nilinunua karibu tani tatu kwenye kiwanda kimoja. Juu ya mzigo yalikuwa makreti ya bluu, mazuri kabisa. Nilipouliza vya chini ni nini, mtunza stoo akanijibu, "Zote plastiki, kaka." Chini kulikuwa na vipande vya bomba la PVC, navyo vikaingia mashineni pamoja na makreti. Sisi HD, ile ya madumu na makreti, tunaiyeyusha kwenye nyuzi joto 200 hivi. PVC ikikaa kwenye joto hilo inaungua na kutoa hewa ya tindikali, hidrojeni kloraidi. Tulitoka nje mbio, kina mama wamejiziba pua kwa kanga, macho yanatiririka. Tulipoichomoa skrubu ya mashine siku ya tatu, tindikali ilikuwa imeshaanza kuila. Mzigo wote ukawa mweusi, hauuziki hata kwa bei ya kutupa.

2. Kucha, sikio na ndoo ya maji vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi

Fundisho hili nilipewa bure, na bibi mmoja aliyekuwa amechambua plastiki miaka mingi kuliko mimi nilivyokuwa nimefanya kazi yoyote. Alikuja kuomba kibarua, akaketi kwenye dumu lililopinduliwa, akachukua kipande cheupe kutoka kwenye gunia nililoandika "HD".

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hii nani kakwambia HD?"

Akakikwaruza kwa ukucha. Ukucha ukateleza. Akachukua kipande cha dumu, akakwaruza vilevile, ukabaki mfereji mwembamba kama kwenye mshumaa. "HD inakubali ukucha. PP inakataa." PP ni polipropilini. Kisha akadondosha vipande viwili kwenye sementi, kimoja kimoja. Cha kwanza kilitua kwa sauti nzito isiyo na mwangwi. Cha pili kikalia kama sarafu. Hicho kilikuwa polistirini, ile ya vikasha vya kanda na vikombe vinavyovunjika ukivikanyaga.

Baada ya hapo inakuja ndoo ya maji. HD na PP ni nyepesi kuliko maji, zinaelea. Polistirini, PVC na PET, ile ya chupa za maji, zinazama. Usisahau kitone cha sabuni: chenga ndogo za plastiki iliyosagwa hushikilia viputo vya hewa, na hata PVC inaweza kuelea ikakudanganya. Tulipokuwa hatujajua siri ya sabuni, tulirudia uchambuzi mara mbili mbili.

Ndoo nayo ina mipaka. Tuliwahi kuletewa viti vyeupe vilivyokataliwa kiwandani, tukavisaga, chenga zote zikazama. Nikaamuru ziwekwe kwenye rundo la PVC. Bibi akatikisa kichwa. Akashika chenga moja kwa koleo, akaiwasha nje, mbali na watu, upepo ukiwa mgongoni mwake. Iliwaka kwa utulivu na kudondoka matone, ikanuka kama mshumaa uliozimwa. PVC haiwaki hivyo: ukiiondoa kwenye moto inajizima yenyewe, na ukiigusa kwa waya wa shaba uliopashwa kisha ukaurudisha waya kwenye moto, ndimi hugeuka kijani. Viti vile vilikuwa PP halali, ila vilijazwa unga wa chokaa ili kupunguza gharama. Chokaa ndiyo iliyovizamisha. Tangu siku hiyo nikiona PP inayozama najua nauziwa mawe kwa bei ya plastiki, na ninapanga bei kwa kuzingatia hilo.

Bibi yule nilimpa usimamizi wa uchambuzi wote. Nasema bila kusita kwamba katika karakana yetu hakuna mashine iliyoingiza fedha nyingi kuliko mikono yake.

3. PP na HD hazioani

Zote zinaelea, zote zinayeyuka, kwa macho ni ndugu. Ziyeyushe pamoja na bidhaa itatoka inang'aa. Subiri wiki. Mpini wa ndoo unakatika, na ukitazama pale palipokatika utaona tabaka zinabanduka kama kitunguu. Nilirudishiwa magunia kwa kosa hili, na mteja alikuwa na haki.

4. Umeme ukikatika, usiwe na haraka

Umeme unapokatika, plastiki iliyomo ndani ya silinda ya mashine ya kuyeyusha inaganda na kuishika skrubu kama zege. Umeme ukirudi, kipimo cha joto kinaweza kuonyesha nyuzi 200 wakati katikati bado ni jiwe, kwa sababu kipimo kinasoma chuma cha pembeni. Nilikuwa na oda ya kukabidhi jioni. Nikabonyeza. Mlio niliousikia ulikuwa wa shafti kukatika, na tulikaa wiki tano bila kuzalisha, vijana sita wakisubiri mshahara. Siku hizi tunapasha joto kwanza, tunasubiri muda mrefu, kisha fundi anajaribu kuzungusha taratibu. Oda ikichelewa, nampigia mteja simu.

5. Masika ni adui wa punje

Chenga zilizooshwa zikiingia kwenye mashine na unyevu, maji yanageuka mvuke na punje tunazokata kutokana na plastiki iliyoyeyushwa zinatoka na matundu ndani. Mteja anayezivunja kwa meno, na wapo, anajua papo hapo. Kuanzia Machi mpaka Mei tunaanika chini ya paa, tunageuza kwa reki, na tunakubali kuzalisha kidogo.

6. Uliza kilichokuwa ndani

Hili ndilo linalonikosesha usingizi. Niliuziwa madumu mengi ya HD, mazito, ya aina moja, kitu ambacho kila msagaji anakiota. Tulikuwa tumeshasaga magunia manne ndipo kijana mmoja akanionyesha kipande chenye lebo iliyobaki: dumu lilikuwa limebeba dawa ya kuulia wadudu. Mteja aliyekuwa anazisubiri chenga zile alitengeneza ndoo. Ndoo za maji. Za watu kama mimi na wewe.

Plastiki si kioo. Kemikali za namna ile hupenya ndani ya kuta zake, na kuosha kunaondoa cha juu tu. Mwongozo wa FAO na WHO wa mwaka 2008 kuhusu vyombo vya viuatilifu unataka visuuzwe mara tatu na mtumiaji mara tu vinapoisha, na vikirejelezwa visiishie kwenye vitu vinavyogusana na chakula au maji ya kunywa. Nilikula hasara ya magunia yale. Sasa dumu lisilo na historia silinunui, liwe zuri namna gani, na chenga za mchanganyiko nisizozijua asili yake haziendi kwa mtengeneza vyombo vya jikoni. Zinaenda kwenye nguzo za uzio na mabomba ya kupitishia nyaya.

7. Maji ya kuoshea nayo ni mzigo

Miaka miwili ya mwanzo maji yetu yalikwenda mtaroni. Mtaro unaingia bonde la Mto Msimbazi, na Msimbazi unaingia Bahari ya Hindi. Siku moja baada ya mvua niliona kwenye tope chenga za bluu, na nilizijua ni za kwangu, makreti niliyoyasaga mwenyewe wiki ile. Nilikuwa najiita mtu wa mazingira. Tukajenga matangi matatu ya kutuamisha, maji yanapita kwenye wavu mwembamba kabla ya kutoka, na yale ya tangi la mwisho tunayatumia tena. Kila Jumamosi tunakomba tope la chini, na ujazo wake bado unanishangaza.

8. Bei yako inapangwa kwenye visima vya mafuta

Plastiki mpya inatokana na mafuta na gesi. Mwaka 2020 bei ya mafuta ilipoporomoka, malighafi mpya ikawa rahisi, na wateja waliokuwa wakinisifia punje zangu wakaacha kupokea simu. Waliobaki ni wawili, wale niliokuwa nawapelekea mzigo wa aina moja, usiobadilika mwezi hadi mwezi. Wengine walitaka bei tu, na bei nafuu zaidi ikapatikana kwingine.

Wasimamizi wa zamu viwandani, ombi langu nawaletea ninyi, kwa sababu mhandisi na mkurugenzi hawapo pale ndoo mbovu inapodondoka. Wekeni pipa kando ya kila mashine, muandike juu yake kwa chaki: HD, PP, PVC. Mashine ikibadilishiwa malighafi katikati ya zamu, pipa nalo libadilishwe kabla ya bonge la kwanza kutoka. Fagio lisiingie humo. Mapipa kama hamna, tutaleta sisi.