Kikundi Kikidhulumiwa Pesa, Korti Inafanya Nini?



Somo letu safari hii ni juu ya jambo ambalo vikundi vingi huliogopa, yaani kwenda kortini. Tunaanza na kisa ambacho sisi wenyewe tuna lawama ndani yake.

Kikundi kimoja cha akina mama kilimpa fundi shilingi 180,000 awatengenezee mashine ya kusaga nafaka. Fundi aliandika karatasi, akatia sahihi. Mashine haikuja. Kila wakienda wanaambiwa, "Mwezi ujao, mama." Walipotujia tuliwaambia wavumilie, kwa kuwa fundi ni mtu wa hapa hapa na watoto wake wanasoma na wao. Baadaye wakarudi na ile karatasi, tukawapeleka kwa wakili. Wakili hakuuliza mengi. Aliangalia tarehe tu. Miaka saba ilikuwa imepita, na sheria ya Kenya inatoa miaka sita kwa madai yanayotokana na mapatano. Haki walikuwa nayo, lakini muda wa kuidai ulikwisha wakati sisi tunahubiri uvumilivu.

Basi jambo la kwanza ni tarehe. Deni au mapatano, miaka 6. Mtu akikuumiza au akiharibu mali yako kwa uzembe, miaka 3. Kudai ardhi, miaka 12. Tena kuna jambo wengi hawalijui: kabla muda haujaisha, mdaiwa akilipa sehemu ya deni, au akikiri kwa maandishi yenye sahihi yake kwamba anadaiwa, hesabu inaanza upya tangu siku hiyo. Kwa hiyo fundi akikuomba umwongezee muda, sawa, mpe, lakini aandike. Maneno ya mdomo barabarani hayasimamishi saa.

Wengine hukimbilia polisi ili mdaiwa afungwe. Kukosa kulipa deni peke yake si jinai, na polisi si wakusanyaji wa madeni. Ikiwa mtu alikudanganya tangu mwanzo ili achukue pesa, hiyo ni hadithi nyingine, piga ripoti. Katika kesi ya madai, hakimu hatafuti ushahidi usio na shaka yoyote kama katika kesi ya mauaji. Anapima ni upande gani maneno yake yanaelekea zaidi kuwa kweli. Ndiyo maana karatasi ndogo, ujumbe wa M-Pesa na kitabu cha mweka hazina vina uzito mkubwa. Tumeona vikundi ambavyo katibu anaandika kila wimbo ulioimbwa mkutanoni, lakini pesa zilizotoka haziandikwi!

Sasa mwendo wenyewe. Kwanza mwandikie mdaiwa barua: unamdai nini, tangu lini, na unampa siku ngapi. Bakiza nakala. Asipojali, unapeleka hati ya madai. Siku hizi korti hupokea hati kwa njia ya kompyuta, kwa hiyo huenda mkahitaji kijana anayejua kazi hiyo. Mdaiwa hupelekewa samansi na kupewa siku za kujibu. Akinyamaza, mnaweza kuomba hukumu bila yeye. Akijibu, kila upande utaleta mashahidi na hakimu atoe uamuzi. Kwa kawaida aliyeshindwa hubeba gharama za mwenzake, basi msipeleke kesi ya hasira tu.

Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja kuna Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2016, na korti ya kwanza ilifunguliwa Nairobi mwaka 2021, kisha zikafuata katika miji mingine. Inasikiliza madai ya bidhaa na huduma, pesa, mali iliyoharibiwa na majeraha. Haishughuliki na umiliki wa ardhi, wala kazi na mishahara, wala kuchafuliwa jina. Inatakiwa kumaliza kesi katika siku 60, haifungwi na kanuni ngumu za ushahidi, na unaweza kujisemea bila wakili. Ile shilingi 180,000 ya akina mama ingetosha kabisa hapo.

Hapa vikundi vingi huanguka: kesi inaletwa kwa jina la kikundi, wakili wa upande ule anasimama na kusema kikundi si mtu mbele ya sheria, na kesi inatupwa kabla hata ya kusikilizwa. Ulizeni mapema. Njia iliyo salama zaidi ni viongozi kushtaki kwa majina yao kwa niaba ya wanachama, wakiwa na kumbukumbu za mkutano uliowapa ruhusa, zenye sahihi.

Mkishindwa kwa hakimu wa kawaida, mna siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Rufaa si kusikiliza kesi upya. Mashahidi hawaitwi tena kwa kawaida. Jaji husoma yaliyoandikwa na kuona kama hakimu alikosea. Shahidi mliyemwacha nyumbani safari ya kwanza ni vigumu sana kumleta wakati huo. Kutoka Mahakama ya Madai Madogo, rufaa ni juu ya sheria tu, na uamuzi wa Mahakama Kuu ndio mwisho. Tena kukata rufaa peke yake hakuzuii mshindi kudai chake. Mpaka uombe amri ya kusimamisha, na huenda ukatakiwa kuweka dhamana.

Na ukishinda? Korti haikuletei pesa mlangoni. Unaomba utekelezaji, labda dalali wa korti akamate mali ya mdaiwa. Kama hana kitu, hukumu yako ni karatasi kwa sasa. Ndiyo maana hata Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inahimiza upatanisho na wazee, na kulipwa kidogo kidogo kwa mapatano yaliyoandikwa mara nyingi ni afadhali.

Katika mkutano ujao, mweka hazina afungue kitabu mbele ya wote. Ni nani tunawadai? Tarehe ya kila deni ni ipi, na miaka mingapi imebaki? Nani ataandika barua ya kwanza, na lini?