Nani Alipie Dawa ya Minyoo ya Mtoto wa Jirani?

Mwanafunzi wa uchumi hufundishwa mapema kwamba wauzaji na wanunuzi wakiachwa wapatane wenyewe, bidhaa nyingi huwafikia wanaozihitaji. Akifika kwenye uchumi wa umma huulizwa: basi serikali iingilie wakati gani? Wengi hukimbilia huruma. Mimi huanza na hesabu, na mfano wangu ni minyoo.

Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi na kukaa kwenye udongo. Mengine humezwa kwa mikono michafu. Safura, viluwiluwi vyake vikishaanguliwa, hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Mtoto akimeza kidonge, minyoo yake hufa, naye haachi tena mayai pale wenzake wanapocheza. Amepona yeye, na wenzake wamepunguziwa hatari.

Tuweke namba za kubuni. Kidonge, pamoja na gharama ya kukifikisha kijijini, ni shilingi 50. Kwa mzazi, afya ya mwanawe itaongezeka kwa thamani ya shilingi 30. Watoto wengine, kwa jumla, watanufaika kwa 40. Kijiji kingetumia 50 kikapata 70. Lakini anayelipa ni mzazi, naye analinganisha 30 yake na 50 ya dukani, kisha anaondoka. Hajakosea hata kidogo. Naomba hapo pasomwe mara mbili: kila mzazi amepima vizuri, na bado watoto wote wamebaki na minyoo, kwa kuwa ile 40 haina mtu wa kuisemea dukani.

Arthur Pigou wa Cambridge alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1920. Faida ikiwafikia wasiolipa, serikali itoe ruzuku. Hasara ikiwaangukia wasiohusika, kama moshi wa kiwanda, itoze kodi. Ruzuku ya 40 ingeshusha bei hadi 10, na mzazi angenunua.

Wazo hili lilipimwa Busia, magharibi mwa Kenya. Kuanzia 1998, shule za msingi 75 zenye watoto zaidi ya 30,000 zilipewa dawa kwa awamu, zilizotangulia zikilinganishwa na zilizosubiri. Edward Miguel na Michael Kremer walitoa matokeo mwaka 2004: utoro ulipungua kwa kama robo, na minyoo ilipungua hata kwa watoto ambao hawakumeza dawa. Mwaka 2015 watafiti wengine walirudia hesabu, wakakuta makosa, hasa kuhusu faida kuzifikia shule za mbali, na ubishi ukawa mkali.

Jambo lililonigusa zaidi ni ada. Mwaka 2001 baadhi ya shule, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, ziliwaomba wazazi mchango mdogo tu. Dawa ilipokuwa bure, watoto robo tatu hivi waliipata. Ilipolipiwa, hawakufika hata moja ya tano.

Hata hivyo, ruzuku hutoka kwenye kodi, na serikali inaweza kutoa kubwa mno au ndogo mno. Ile 40 niliibuni. Katika maisha haiuzwi popote, kwa hiyo haina bei ya kunakili. Wa kuitafuta hana budi kwenda maabara kuhesabu mayai ya minyoo katika kinyesi cha watoto ambao hawakupewa dawa, wanaoishi karibu na waliopewa.