SOMO LETU: Kamera ya Kikundi, Tuipime Kabla ya Kuinunua

Somo la leo ni juu ya kamera. Vikundi vingi hutaka picha: za mradi wa kuku, za tangi jipya la maji, za siku ya vyeti. Halafu mtu mmoja anasema, "Tununue ile kamera ndogo inayovuta mbali, inaingia hata mfukoni." Je, hizo ni pesa zilizotumika vizuri? Wacha tuone.

Sisi tuko Umoja, Nairobi. Tulikosea kwanza, ndipo tukajifunza. Tulinunua kamera iliyotumika kwa sababu namba iliyoandikwa juu yake ilikuwa kubwa. Hatukuijaribu. Siku ya kuwapa akina mama vyeti vya ushonaji, mpiga picha wetu alikaa nyuma ya ukumbi, akavuta. Picha zote zilitoka na ukungu, nyuso hazijulikani. Mama mmoja alikuwa amengojea cheti tangu alipoacha shule darasa la sita. Alituuliza, "Yangu iko wapi?" Hatukuwa na jibu. Kweli, kipya kinyemi ingawa kidonda.

Mara ya pili tuliazima kamera nyingine kwa wiki moja, tukaipima katika kazi zetu wenyewe. Tulijifunza haya.

1. Anza na kazi, si na kamera
Tuliandika ubaoni picha zote tunazohitaji kwa mwezi. Kati ya picha 20, ni 4 tu zilizokuwa za vitu vya mbali. Nyingine zilikuwa za karibu: vitambaa, risiti, watu wakikutana. Kwa hizo, simu nzuri inatosha.

2. Kuvuta kuko kwa namna mbili
Namna ya kwanza, vioo vya lenzi vinasogea na kuleta kitu karibu kwelikweli. Namna ya pili, mashine inakata kipande cha picha na kukikuza tu, kama kunyoosha chapati ndogo ili ijaze sahani. Inakuwa kubwa lakini nyembamba. Kwa hiyo uliza: lenzi yenyewe inavuta mara ngapi? Hiyo nyingine usiihesabu.

Kwa kazi ya mbali, lenzi ya kweli inasaidia sana. Tulisimama chini ya ghorofa, tukavuta hadi kwenye paa, tukauona ufa wa tangi la maji bila mtu kupanda. Simu zetu zilionyesha tangi tu, ufa haukuonekana.

3. Mbali hula mwanga
Hapa ndipo tulipoangukia mara ya kwanza. Chukua mfano wa Canon PowerShot SX740 HS, iliyotoka mwaka 2018. Lenzi yake huvuta mara 40, na kamera nzima haifiki gramu 300. Lakini ikivutwa hadi mwisho, mwanga unaoingia ni karibu robo tu ya ule unaoingia isipovutwa. Tena kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga ni kidogo, kama milimita 6 kwa 4 na nusu. Panasonic Lumix TZ200, ya mwaka huohuo, ina kidude kikubwa karibu mara nne, lakini huvuta mara 15 tu. Mnaona? Katika kamera ya mfukoni, ukiongeza hapa unapunguza pale.

Kwa hiyo, uwanjani mchana, vuta upendavyo. Ukumbini, au katika vichochoro vyetu vya Umoja ambako ghorofa zimeziba jua, usivute. Tembea, msogelee mtu.

4. Mkono hutikisika
Ukivuta sana, mtikisiko wa mkono nao unakuzwa. Egemea ukuta, bana viwiko mbavuni, bonyeza polepole. Piga picha tatu, si moja.

5. Betri na vumbi
Betri ya kamera tuliyoitaja imepimwa na watengenezaji kuwa ya picha kama 265. Kuvuta mara kwa mara na kupiga video huimaliza mapema. Stima ikipotea usiku wa kuamkia sherehe, itakuwaje? Hesabuni betri ya pili katika bei. Nalo vumbi huingia kwenye lenzi inayotoka na kurudi. Muiweke ndani ya mfuko unaofungwa.

6. Mkiwa dukani
Nendeni watu wawili, na kadi yenu ya kumbukumbu.
– Washa na kuzima mara tano. Lenzi ikilia kama ina mchanga, iacheni.
– Piga picha ya ukuta mweupe ikiwa imevutwa hadi mwisho. Madoa yaleyale yakionekana katika kila picha, kuna vumbi ndani.
– Mpigeni mtu aliye mbali ndani ya duka, bila flashi. Mkuze uso wake kwenye kioo.
– Ulizeni kama betri na chaja za aina hiyo bado zinapatikana.
– Dai risiti yenye jina la kikundi.

7. Ombeni ruhusa
Lenzi ndefu humpiga mtu bila yeye kujua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kwa mtoto ni lazima mzazi au mlezi akubali. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kikundi gani kitaweza kulipa hiyo?

Uamuzi wetu
Hatukununua. Tulichagua simu mbili nzuri za wanachama, na kwa zile picha 4 za mbali tutaendelea kuazima. Kikundi chenye kazi nyingi za mbali, kama michezo ya vijana au kukagua mabwawa, kinaweza kuamua vingine, nacho kitakuwa sawa. Siku ya vyeti iliyofuata, mpiga picha alisimama hatua tatu kutoka mezani. Yule mama tulimwomba avae vizuri, ashike cheti chake tena. Hiyo picha anayo ukutani.

Maswali ya kujadiliana
1. Picha gani 20 kikundi chenu kinahitaji? Ngapi ni za mbali?
2. Nani atatunza kamera, na nani atalipa ikiharibika?
3. Pesa hizo zingefanya kazi gani nyingine mwaka huu?