TUIMBE KWA AKILI PIA
Somo kwa waimbaji na wasikilizaji

Soma kwanza: 1 Wakorintho 14:6-19

Katika sura hii Mtume Paulo anawaonya Wakristo wa Korintho waliopenda kutoa sauti zisizoeleweka. Anawapa mfano wa filimbi na kinubi, kisha wa baragumu: mlio wake usipokuwa wazi, askari hatajua kwamba anaitwa vitani. Paulo mwenyewe ataka kuimba kwa roho na kwa akili, vyote viwili. Basi tujiulize: sisi tunapoimba, aliye karibu nasi anasikia nini?

1. Sikio hudanganyika

Katika Kiswahili mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukihama, neno laweza kugeuka: ba-ra-BA-ra ni njia ya magari, lakini ba-RA-ba-ra ni sawasawa. Urefu wa irabu nao hubadili maana: kukata si kukataa, wala kufa si kufaa. Katika mazungumzo hatukosei. Lakini katika wimbo, inayoamua silabi gani ivutwe ni tuni, si neno.

Chukua neno "alikufa". Silabi ya mwisho ikivutwa sana, msikilizaji husikia "alikufaa". La kwanza lasema kwamba alitoa uhai wake. La pili lasema kwamba alikuwa na faida kwako. Kosa hili ni la hatari kwa sababu halionekani kuwa kosa. Maana ipo, tena ni nzuri, kwa hiyo anayeimba haoni sababu ya kuuliza. Lakini mtoto aliyejifunza hivyo amepokea habari za mtu mwenye msaada tu, na msalaba umepotea katika silabi moja.

2. Taabu hii yatoka wapi?

Wamisionari wa UMCA walifika Unguja mwaka 1864, akiwamo Edward Steere, aliyekuwa Askofu baadaye. Steere alijifunza Kiswahili kwa bidii, na mwaka 1870 alitoa kitabu cha kuifundisha lugha yetu. Lakini pamoja na Injili zilikuja tuni za Ulaya. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, na mistari mingi ya nyimbo zake huishia kwa silabi nzito. Ndiyo sababu tuni huvutwa mwishoni. Neno la Kiswahili, kinyume chake, karibu kila mara huishia kwa silabi nyepesi. Basi silabi iliyo nyepesi ndiyo inayobebeshwa mzigo mrefu.

Tusidhani kwamba shida hii ni yetu peke yetu. Mwaka 1954 mwandishi Mmarekani, Sylvia Wright, alieleza jambo la utotoni mwake. Mama yake alikuwa akimsomea utenzi wa kale wa Waskoti juu ya bwana mkubwa aliyeuawa na kulazwa juu ya majani. Mtoto akasikia kwamba bibi mmoja, Lady Mondegreen, aliuawa pamoja naye. Bibi huyo hakuwako kamwe, ila mtoto alimwona waziwazi katika mawazo yake. Tangu hapo Waingereza huliita kosa la namna hii "mondegreen".

3. Kusikia si kufahamu

Kuna shida ya pili: neno lasikika vizuri, lakini maana haijulikani. Hapa Chake Chake twaifahamu taarabu. Zamani katika jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu, na wengi walifurahia sauti tu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 nyimbo zake zilitiwa katika sahani huko Bombay. Watu wa kawaida wakasikia mambo yao yakiimbwa kwa lugha yao. Hata hivyo taarabu hupenda mafumbo. Kila neno litasikika, na bado wasikilizaji watabishana ni nani aliyesemwa. Huo ndio utamu wake.

Katika ibada, fumbo lisilokusudiwa ni hasara. Tazama neno "Hosana". Wengi huliimba kama kelele za shangwe. Lakini asili yake katika Kiebrania ni ombi: okoa, twakuomba. Mtu aja kanisani na mzigo wake, aimba neno lile lile analolihitaji, kisha arudi nyumbani bila kujua kwamba ameomba.

4. Tufanye nini?

(a) Mwalimu wa kwaya asome maneno yote kwa sauti ya kawaida kabla ya kufundisha tuni, na ayaeleze yaliyo magumu.

(b) Tukiimba "alikufa", uzito uwe kwenye "ku". Silabi ya mwisho tuimalize kwa upole, hata kama tuni ni ndefu.

(c) Watoto waulizwe wimbo unasema nini kwa maneno yao wenyewe. Akikosea mtoto, asichekwe. Akichekwa leo, kesho hatauliza.

(d) Siku ya mazoezi mtu mmoja akae nyuma kabisa bila kitabu, aandike anachokisikia. Wazee wetu wasiosoma husikia hicho hicho kila Jumapili, wala hawana ukurasa wa kuwasahihisha.

Maswali ya kuzungumza

1. Taja wimbo mmoja unaoujua kwa moyo. Je, waweza kueleza kila mstari wake?

2. Kuna tofauti gani kati ya kumwambia mtu "Yesu alikufaa" na "Yesu alikufa kwa ajili yako"?

3. Katika mtaa wetu, ni nani anayejifunza imani kwa sikio tu? Tumsaidieje?